Ikome Kizingitini

Asubuhi ambayo mama mkwe na mkwe wake walirushiana maneno hewani, mji mzima ulicheka. Aliyeshindwa kucheka alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika mitambo.

Pale redioni walimwita Sikio, kwa sababu hata nzi akitua juu ya kipaza sauti yeye humsikia kabla mtangazaji hajamwona. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo, hedifoni kichwani, vidole juu ya vile vitufe vya kuteleza, akipandisha sauti hii na kuteremsha ile. Upande wa pili wa kioo alikaa mumewe, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, ambaye wasikilizaji walimbatiza jina la Kipaza. Walijuana humo humo, wakachumbiana kwa ishara za mikono kupitia kioo, wakaoana, wakamzaa binti yao, Kidoti. Na sauti iliyoingia kwenye simu asubuhi ile ilikuwa ya mama mzazi wa Sikio, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mafundi wote wa mji walimwita Mama Misumari.

"Haloo, uko hewani," alisema Kipaza. "Nani mwenzangu?"

"Mwenzako aliyekuozesha binti yake."

Sikio alimwona mumewe akikaa wima kitini kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Kisa kilikuwa Wanakizingiti. Walikuwa watu wa kawaida, wenye vijiduka, mafundi, wastaafu na wacha Mungu, ambao walianza wakiwa wachache, wamekalia mifuko ya saruji nyuma ya duka la Mama Misumari, wakilalamika. Kodi juu ya kodi, kibali juu ya kibali, na sasa serikali ilitaka kuwaelekeza hata namna ya kulea watoto wao. Yaliyorithiwa kwa wazee yaheshimiwe, walisema, na mtu aachiwe nyumba yake. Kaulimbiu yao ilikuwa moja: serikali ikome kizingitini. Haukupita muda wakawa umati. Walivaa vizibao vya rangi ya udongo, wakawa na viongozi, wakawa na kijana mmoja wa kupanga maandamano aliyependa kuitwa Kamanda. Chama tawala kiliwaona kuwa ni wapinzani waliojifunika shuka la uchaji Mungu. Kipaza, ambaye hakuwahi kuficha kwamba anakipenda chama tawala, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuwaambia wasikilizaji kwamba kizingiti kina kazi moja tu, kumkwaza anayepita, na kwamba Wanakizingiti ni vibaraka wa tajiri mmoja mwenye maghala.

"Umesema sisi ni vibaraka wa tajiri mwenye maghala," alisema Mama Misumari. "Huyo tajiri mwambie basi anipe hata asante, maana nimemtumikia bila kumjua."

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Jibu."

"Mama, mimi najua wewe una nia njema. Lakini jiulize, vizibao vile vyote vinatoka wapi? Na wale wanaoimba kwamba wahamiaji wa mtaa wa chini warudi kwao, hiyo nayo ni habari ya kodi?"

"Ukisema mimi nina nia njema na wenzangu wote wabaya, mwanangu, umeniita mjinga kwa adabu."

Kwenye chumba cha mapokezi watu walipiga makofi. Kipaza mwenyewe alicheka, kisha akainamia kipaza sauti, na hapo ndipo aliposema maneno yaliyowaponza. "Sisemi kwamba watu hawa ni mbwa, mama. Nasema kwamba kwenye zizi la kondoo wameshaingia mbwa mwitu, na wachungaji mmelala."

Mama Misumari alikata simu. Sikio akaweka muziki.

Kufikia jioni kipande cha sauti kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu. Kilikuwa kifupi kuliko pumzi. Ilikuwa sauti ya Kipaza, safi, bila shaka yoyote: "Watu hawa ni mbwa."

Sikio alikisikiliza akiwa jikoni, akakirudia. Alisikia mahali kisu kilipopita. Mtu anayeanza sentensi huvuta hewa kwanza, na hapa pumzi haikuwapo. Neno la kwanza lilitokea ghafla, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Alimweleza jirani yake, mama aliyezoea kumwazima jiko. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini si ni sauti yake?" Akaingia ndani kwake na kufunga mlango.

Kuanzia hapo hofu iliingia polepole, kama maji yanayopanda chini ya zulia. Muuza mboga alimhudumia Sikio bila kumtazama. Mtu alichora mbwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yao, mbwa mzuri tu, mwenye mkia uliokunjwa, na Kidoti alimpenda akataka asifutwe. Kipaza alisema ni upepo, utapita. Alisema hivyo huku akirudi kuhakikisha komeo, akarudi tena.

Kisha simu ikaja redioni, kwenye ile laini ambayo haiendi hewani, inayojibiwa na fundi mitambo. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya chini, imepitishwa kwenye kitambaa.

"Binti yenu anapendeza na ile sweta ya kijani," ilisema. "Mwambieni baba yake afunge mdomo."

Kabla ya neno la mwisho ilitua kidogo, ikameza mate, ndipo ikamaliza. Simu ikakatwa.

Sikio alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kana kwamba zingelipuka. Kioo kilikuwa mbele yake, na nyuma ya kioo mumewe alikuwa akiongea na wasikilizaji, mikono yake ikipaa, asijue lolote. Alitaka kumpa ishara lakini hakuna ishara ya mikono ya jambo kama lile. Alishuka ngazi akikimbia, akaenda mpaka shuleni na kumtoa mtoto darasani katikati ya somo la kusoma. Mwalimu alipouliza kuna nini, akasema, "Msiba." Neno lilimtoka lenyewe.

Polisi aliandika maelezo yao kwa kalamu iliyogoma, akaipuliza, akaandika tena. "Alisema mtoto anapendeza tu?"

"Alijua sweta yake," alisema Kipaza.

"Hilo si tusi, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyewaita watu mbwa."

Njiani kurudi, Kipaza alisema kesho yake atalisema hewani jambo lile lote, mji ujue Wanakizingiti ni watu gani. Sikio alisimama barabarani, mtoto mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa mno kubebwa.

"Ukilisema, huyo mtu atajua tumeogopa."

"Si tumeogopa?"

"Tumeogopa. Ndiyo maana usiseme."

Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa mama yake. Duka lilinuka mafuta ya taa na mbao mbichi. Mama Misumari alikuwa akimchanganyia rangi mteja wake wa siku zote, mchoraji kuta ambaye watu walimwita Taratibu kwa sababu brashi yake haikuwahi kudondosha tone sakafuni. Alikuwa Mwanakizingiti wa tangu enzi za mifuko ya saruji. Alimwona Sikio, akainua mkono kusalimia, akachukua kopo lake na kutoka bila neno.

Sikio alimweleza mama yake habari ya simu. Mama Misumari alifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Watu wangu hawawezi," alisema.

"Unawajua wote, mama?"

"Nawajua walioanza. Sisi tumesimama kwa ajili ya nyumba na watoto. Leo tutishe mtoto? Na mtoto mwenyewe mjukuu wangu? Hiyo ni kazi ya chama cha mume wako. Wanatuchafua, halafu wanasema angalieni uchafu."

"Mama, nimekuja kukwambia naogopa."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Umesikia siasa."

Mteja aliingia akiuliza bawaba, akahudumiwa. Sikio alisubiri, kisha akaona hakuna la kusubiri. Utotoni mwake, ngurumo ikipiga, alikuwa akikimbilia chini ya kaunta ile ile na kushika sketi ya mama yake, na ngurumo inakuwa si kitu. Alitoka dukani akijua kwamba amebakiwa na mahali pachache zaidi pa kukimbilia.

Mama alibaki na duka lake. Baadaye alikuja kukiri kwamba siku ile alipima misumari ya mtu vibaya, jambo lisilokuwa kawaida yake, na kwamba jioni alimpigia Kamanda simu, akamweleza habari ya sweta na kumuuliza kama anajua lolote. Kamanda alicheka akasema, "Mama, vita havina sweta."

Ijumaa Wanakizingiti waliandamana kwenda ofisi za halmashauri. Njia yao ilipita mbele ya kituo cha redio, ambacho kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dobi, chenye ngazi moja nyembamba na geti la nondo chini. Meneja alikuwa ameondoka mapema, akasema ana mkutano. Mpokezi naye aliumwa kichwa ghafla. Wakabaki watu watatu: Kipaza studioni, Sikio kwenye mitambo, na Kidoti chini ya meza ya mitambo na kalamu zake za rangi, kwa sababu tangu ile simu mama yake hakukubali mtoto awe mahali asipoweza kumgusa.

Walianza kuwasikia kwa mbali. Wimbo, filimbi, ngoma ya ndoo. Ukafika chini ya dirisha. Haukupita.

Kamanda alikuwa na kipaza sauti cha mkononi. "Ndugu zangu," alisema, "leo tunataka kumwona yule anayefuga mbwa mdomoni."

"Mbwa atoke!" waliitikia. "Mbwa atoke!"

Kipaza aliweka wimbo mrefu akaja chumba cha mitambo. Uso wake ulikuwa umepauka kama ukuta usiopigwa rangi, lakini alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Nashuka," alisema. "Nitaongea nao. Kuongea ndiyo kazi yangu."

Sikio alimtangulia mlangoni, akazungusha ufunguo na kuutumbukiza ndani ya blauzi yake.

"Mama Kidoti, nipe."

"Kazi yako ni sauti, Baba Kidoti. Wale chini wanataka mwili."

Jiwe la kwanza lilipiga bango la kituo, likalia kama sahani. La pili liliingia dirishani. Vioo vilimwagika juu ya mitambo, na kipande kimoja kikaingia katikati ya vitufe na kukaa pale, kinang'aa. Kidoti hakulia. Alimshika mama yake kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akashikilia, na kucha zake zikaingia kwenye ngozi. Sikio alihisi miguu yake inataka kukimbia bila yeye, ikaenda popote, ikamwacha kiwiliwili.

Nje ya jengo, juu ya mlango wa dobi, kulikuwa na spika kubwa ambayo kituo kilitumia kuwaburudisha wapita njia. Waya wake uliishia kwenye meza ya mitambo. Sikio alitafuta rekodi ya kipindi chote cha siku ile ya mabishano, akaitafuta kwa haraka mpaka akapitiliza na kurudi, akaipata. Akapandisha spika ya nje mpaka mwisho.

Mtaa mzima ukasikia. "Ukisema mimi nina nia njema na wenzangu wote wabaya, mwanangu, umeniita mjinga kwa adabu." Kicheko. Halafu sauti ya Kipaza, kubwa kama ya mtu anayezungumza kutoka mawinguni: "Sisemi kwamba watu hawa ni mbwa, mama."

Kelele zilikatika. Sikio alisogea ukutani kando ya dirisha, akachungulia kwa jicho moja. Baadhi ya watu walikuwa wanatazamana. Mzee mmoja seremala, mwenye penseli sikioni, alimgeukia mwenzake na mikono yake ikauliza: mbona tuliambiwa vingine? Kwa muda mfupi sana Sikio aliamini kwamba yamekwisha.

"Wameitengeneza!" Kamanda alipaza sauti. "Si wana mitambo? Wanaweza kutengeneza chochote!"

Na umati, uliokuwa umeanza kulegea, ukakaza tena. Hapo ndipo Sikio aliposhikwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata kabla wala baada. Alikuwa ametoa ukweli wote aliokuwa nao, mwingine hakuwa nao.

Geti la chini lilianza kutikiswa.

Ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa anatokea nyuma ya maandamano, kizibao cha rangi ya udongo juu ya aproni ya dukani, akipenya kwa viwiko. Watu walimpisha kwa mazoea, kwa kuwa karibu kila mmoja alishawahi kukopeshwa nyundo na yule mama. Alifika getini, akageuka, akaupa mgongo mlango wa kituo.

"Nani kawatuma hapa?" aliuliza. Hakuwa na kipaza sauti, ila mtu aliyezoea kuita wapakizi ng'ambo ya barabara hakihitaji. "Tulikuwa tunakwenda halmashauri. Hapa tumefuata nini?"

"Mama, pembeni," alisema Kamanda. "Huyu alikutukana na wewe."

"Alinitukana. Nitamshughulikia mezani kwake, nikinywa chai yake. Wewe nijibu. Tumesema serikali ikome kizingitini. Hatukusema hivyo? Tukasema mlango wa mtu ni mlango wa mtu, hata mfalme abishe hodi. Hiki nilichosimama juu yake ni nini?"

Akakigonga kizingiti kwa kisigino.

"Kama sisi tunaweza kuvunja mlango wa tuliyemkasirikia, basi hatukuwa na tatizo na serikali kuingia. Tulikuwa na tatizo kwamba anayeingia si sisi."

Seremala alitoka kwenye umati akaenda kusimama kando yake. Akatoka mama mmoja mshonaji. Wakatoka wengine wachache, wakipanga mstari usionyooka mbele ya geti. Wengi walibaki walipokuwa, wakitazama chini kama watu waliodondosha kitu.

Jiwe halikuonekana lilikotoka. Sikio alisikia tu mlio wake, mlio mdogo na mkavu, akamwona mama yake akikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, mkono mmoja begani. Kisha damu ikashuka kwenye aproni.

Alipiga kelele, na baadaye hakukumbuka alisema nini. Kipaza aliukwapua ufunguo kutoka kwake, akashuka ngazi mbili mbili, akafungua geti akatoka nje katikati ya watu wale wale waliomtaka. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanakimbia. Watu waliovaa vizibao walikuwa wanavivua wakikimbia na kuvitupa mtaroni. Kamanda hakuonekana tena. Seremala alimshika Mama Misumari kwapani, Kipaza akamshika miguuni, wakampakia nyuma ya gari la dobi juu ya mashuka ya watu.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na ngozi ya shingo ilishonwa. Daktari alisema jiwe lingepanda kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine.

Kesho yake mchana, wodini, Kipaza alikaa kando ya kitanda akamlisha mama mkwe wake uji kwa kijiko. Alijitahidi kunyamaza. Sikio alimwona anavyojitahidi, taya lilimcheza. Bakuli lilipokwisha, yakamtoka.

"Mama, sasa umewaona."

"Nimewaona."

"Nilikwambia wana nia gani."

"Baba Kidoti," alisema Mama Misumari, akiongea bila kugeuza shingo, "wewe uliniita kibaraka kabla ya jiwe. Jiwe halijakugeuza mkweli. Aliyenipiga ni mwenzangu. Aliyenibeba ni mwenzangu. Nionyeshe kwamba chama chako hakina mtu kama huyo aliyenipiga, nitahamia leo."

"Chama changu hakitupi mawe."

"Hakihitaji. Kina polisi."

Kipaza alichukua bakuli akaenda kuliosha ingawa si kazi ya wageni. Alikaa huko bombani muda.

Wageni walikuwa wanaingia na kutoka. Sikio alikuwa dirishani akimsuka Kidoti nywele aliposikia mtu anasalimia nyuma yake. Alikuwa Taratibu, mchoraji kuta, amevaa shati safi, mkononi mfuko wa machungwa.

"Pole sana, mama," alimwambia mgonjwa. Akamgeukia Sikio. "Na wewe pole, dada. Haya mambo ni ya..." akatua kidogo, akameza mate, "kusikitisha."

Vidole vya Sikio vilisimama kwenye nywele za mtoto.

Aliitambua mara moja sauti ya ile simu, bila kutafuta, kama unavyomjua mtu wako kwa hatua zake koridoni. Kidoti aligeuza kichwa akauliza mbona umeacha. Yule mtu alimtazama mtoto, akatabasamu, akammenyea chungwa.

Sikio alilipokea chungwa yeye. Alisema asante. Taratibu alipoaga, alimkabidhi Kidoti kwa bibi yake na kumfuata nje, mpaka koridoni ambako watu walikuwa wanapita na mashuka na sufuria. Alichagua mahali penye watu.

"Sweta ya kijani nimeichoma," alisema.

Mwanamume yule hakukana. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa kukana. Aliangalia vidole vyake vyenye madoa ya rangi kwenye kucha.

"Sikuwa na nia ya kufanya kitu, dada."

"Ulijuaje sweta yake?"

"Nilipaka rangi pale shuleni. Nilimwona tu akicheza." Akameza mate. "Nilikuwa nimekasirika. Baba yake alituita mbwa. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote, sijaiba, sijalewa. Halafu mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka ananiita mbwa. Nilitaka aogope kidogo. Basi."

"Mimi ndiye niliyepokea simu," alisema Sikio. "Mimi sikukuita chochote."

Taratibu akaanza kulia, mtu mzima, katikati ya korido, bila kuficha uso. Sikio hakumbembeleza wala hakumpiga. Alirudi wodini, akafunga mlango, akamwambia mama yake.

Mama Misumari hakusema watu wangu hawawezi.

"Yule aliwahi kunilindia duka nilipofiwa na baba yako," alisema. "Nililala salama, na funguo zote alikuwa nazo." Kisha akasema, "Nisamehe. Ulikuja kwangu unaogopa, nikakuuzia siasa."

Mkutano wa Wanakizingiti ulifanyika kabla bega halijapona. Mama Misumari alikwenda mkono ukiwa umefungwa shingoni. Alimtaka Taratibu aseme mwenyewe, na Taratibu akasimama akasema. Alitaka pia Kamanda aeleze vizibao vilitoka wapi. Kamanda alisema hilo ni jambo la viongozi. "Mimi ni nani?" aliuliza mama. Watu walibishana mpaka viti vikaanguka. Mwisho waligawanyika: wengi walitoka na Kamanda, ambaye siku hizi anagombea udiwani na picha zake zimebandikwa kila nguzo. Waliobaki wanakutana tena nyuma ya duka, wamekalia mifuko ya saruji, na Mama Misumari bado anasema serikali ikome kizingitini, na bado anachukia kodi. Taratibu haruhusiwi kuja. Sikio ndiye aliyeomba hivyo, na mama yake hakubisha. Aliyerusha jiwe hajajulikana.

Kipaza alirudi hewani. Aliomba radhi kwa neno vibaraka. Habari ya tajiri mwenye maghala hakuiombea radhi, na anaendelea kuiulizia.

Mama Misumari alihamia kwao kwa muda, kwa kuwa mkono mmoja haufungui duka wala hauchoti maji. Nyumba ikajaa maneno. Mkwe na mama mkwe walibishana wakila, walibishana wakitazama taarifa ya habari, walibishana kupitia mlango wa bafu. Majirani walimwonea Sikio huruma. Hawakujua kwamba alizoea kukata vitunguu jikoni akisikiliza zile sauti mbili zinavyopanda na kushuka, na kwamba zikipanda ndipo mikono yake inapotulia.

Jumapili moja alasiri alikuwa jikoni hivyo hivyo. Sebuleni mama yake alikuwa anasema kwamba kodi ya soko ni wizi wenye mhuri, na Kipaza anamuuliza barabara ya kuleta saruji yake ilijengwa kwa maombi? Ghafla wakanyamaza wote wawili, katikati ya neno.

Sikio aliweka kisu chini. Alikwenda sebuleni akiwa amejifuta mikono nusu. Kipaza alikuwa amesimama. Mama yake naye alikuwa amesimama, mkono wake mzima umemshika Kidoti begani na kumvuta nyuma yake. Wote walikuwa wanatazama dirisha. Nje, mbele ya nyumba, pikipiki ilikuwa imesimama, injini inanguruma, na aliyeipanda alikuwa amevaa helmeti yenye kioo cheusi. Hakubisha hodi. Hakuondoka.

Kipaza alijisogeza hatua moja, akawa mbele ya mama mkwe wake. Mama mkwe akamsukuma kwa kiwiko akawa mbele yake yeye.

Yule mtu alitoa simu mfukoni, akasoma kitu, akaangalia namba za milango, akatikisa kichwa. Akageuza pikipiki na kwenda zake kule alikotoka.

Walibaki wamesimama mpaka mlio ukaisha kabisa. Mama Misumari ndiye aliyekaa kwanza. Aliipanga upya kanga ya kufungia mkono wake.

"Haya," alimwambia mkwe wake. "Ulikuwa unasema nini kuhusu barabara?"